Kuhamia Ng'ambo na Watoto kwa Fedha Kidogo

Kwa mkazi wa Ukara na Ukerewe, neno ng'ambo halina maana ya Ulaya na Marekani peke yake. Ng'ambo huanzia pale maji ya Ziwa Victoria yanapokwisha na nchi kavu inapoanza. Mzazi anayefunga virago, akawachukua mkewe na watoto watano, akavuka kutoka Rugezi kwenda Kisorya, kisha akashika njia ya Bunda na Lamadi hadi Bariadi, ameiacha nchi yake kama mtu aliyepanda meli ya kwenda mbali. Amewaacha wazee wake, makaburi ya wazazi wake, shamba alilolijua kila tuta, na majirani ambao wangempa chumvi bila kumwuliza atailipa lini.

Tunaandika leo kwa ajili ya mzazi huyo, na kwa ajili ya viongozi wa Serikali ambao kesho atasimama mlangoni mwao akiomba mahali pa kukaa. Hatusemi ahame, wala hatusemi asihame. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara yake ya 17, inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi mahali popote nchini. Tunachotaka ni kwamba haki hiyo isigeuke kuwa njia ya kuwatia watoto katika njaa na mashaka.

Sababu za kuhama si za kubuni. Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, na tangu zama za ukoloni mabwana shamba waliandika kwa mshangao jinsi Wakara wanavyolima kila kipande, wakifuga ng'ombe zizini ili wapate samadi, na wakifukia mimea ya jamii ya marejea ardhini ili udongo upate rutuba. Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Lakini shamba likigawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hufika siku ambapo bidii haiwezi kuongeza hata hatua moja ya ardhi. Hapo ndipo kijana huanza kutazama upande wa pili wa maji.

Wengi hutazama upande wa Simiyu. Husikia habari za mbuga pana, za pamba, na za ng'ombe wengi. Basi yafaa wausikie ukweli wote. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 makao yake makuu yakiwa Bariadi, ulihesabiwa mwaka huo kuwa na watu 1,584,157. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 2,140,497. Yaani katika miaka 10 wameongezeka watu zaidi ya 550,000, nao udongo haukuongezeka. Kaskazini liko ziwa, na mashariki liko Pori la Akiba la Maswa pamoja na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambako jembe haliruhusiwi. Anayekwenda Bariadi akidhani kwamba ataikuta nchi tupu inayongoja mwenyewe, amedanganywa.

Ukweli wa pili ni mkubwa zaidi. Watu wa Bariadi, Maswa na Meatu nao ni wahamaji wa siku nyingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma, na sehemu moja ya mpango huo ilikuwa kuwapunguza watu na mifugo katikati ya nchi na kuwaelekeza Geita. Wengine walikwenda bila kuelekezwa na mtu. Miaka iliyofuata Wasukuma walienea hadi Kahama na Tabora, wakafika Rukwa, wakateremka Usangu na bonde la Kilombero, na baadaye Lindi. Walikwenda na wake zao, watoto wao, majembe yao na ng'ombe wao. Wachache walikuwa na fedha mkononi. Kwa hiyo, mtu wa visiwani akitaka kujua namna ya kuhama na jamaa kwa uwezo mdogo, mwalimu wake yuko Simiyu, ingawa shamba lake huenda halipo huko.

Mwalimu huyo anafundisha nini? Kwanza, kwamba jamaa haihami siku moja. Kwa desturi hutangulia mmoja au wawili, wakaitazama nchi, wakawajua wenyeji, wakalima msimu mmoja, ndipo wengine wakafuata. Hata ng'ombe hugawanywa, baadhi wakabaki kwa ndugu, baadhi wakaenda, ili ugonjwa au ukame wa mahali pamoja usiwamalize wote. Mtangulizi mwenye busara huitazama nchi wakati wa kiangazi, kwa maana masika huipamba kila nchi. Aulize maji hutoka wapi mwezi wa Septemba, na mama wa nyumba huyafuata kwa mwendo gani.

Lakini hapa yapasa tuseme neno zito. Kutangulia si kutoroka. Pamewahi kutokea, na hutokea bado, kwamba baba hutangulia akasahau kurudi, na mama akabaki na watoto bila shamba wala habari. Kabla ya kuondoka, wenye nyumba na waketi pamoja, pamoja na wazee wa pande zote mbili, wakubaliane siku ya kurudi na kiasi cha kutuma. Nalo shamba la nyumbani lisiuzwe mpaka mavuno ya kwanza ya ugenini yamekwisha kuingia ghalani. Aliyeuza kila kitu hana pa kurudi.

Pili, kuna hesabu ya chakula. Watu wengi huhesabu nauli, wakiipata huondoka. Nauli ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Tuchukue mfano wa baba, mama na watoto watano. Tukisema mkubwa anakula nusu kilo ya unga kwa siku, na mtoto kilo 0.3, nyumba hiyo inataka kilo 2.5 kila siku. Ikifika mwanzoni mwa Julai, ikapanda mvua za Novemba zinapoanza, haitaona mahindi yake kabla ya mwisho wa Machi. Siku hizo ni zaidi ya 270, nazo zinataka karibu kilo 685, yaani magunia 7 ya kilo 100, bila kuhesabu mboga, chumvi, sabuni na dawa. Mwenye nauli pasipo magunia hayo, au pasipo kazi ya kuyapata, hajawa tayari.

Tatu, kuna majira. Katika nchi ya pamba kanuni ya kilimo inataka masalia ya pamba yang'olewe kabla ya tarehe 15 Septemba, na mbegu zianze kupandwa tarehe 15 Novemba. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo mashamba husafishwa na kutayarishwa. Anayefika kabla yake hupata nafasi ya kujenga kibanda, kuezeka paa na kutafuta vibarua. Anayefika Januari amechelewa kupanda na amewahi kuona njaa. Tena Juni na Julai ni miezi ambayo fedha ya pamba imekwisha kuingia vijijini, na mwenye mikono miwili hupata mtu wa kumwajiri.

Nne, mgeni maskini ana mali isiyopimwa kwa mizani. Mkara anayejua kufuga zizini, kutunza samadi na kurutubisha udongo kwa marejea, ana elimu ambayo mashamba mengi ya Usukuma yaliyochoka yanaihitaji. Asiifiche. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Zamani, mgeni aliyeingia katika nchi ya Wasukuma alipewa shamba kwa mkono wa mwanangwa, naye alitarajiwa kushirikiana na wenzake katika kazi za pamoja za kijiji. Heshima yake ilitoka katika jasho lake mbele ya majirani. Desturi hiyo haijafa mioyoni mwa watu.

Siku hizi, hata hivyo, mwanangwa hagawi ardhi tena. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeweka kazi hiyo mikononi mwa halmashauri ya kijiji, nayo haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Maombi yakishapelekwa na kukamilika, halmashauri inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 90. Akikubaliwa, mwombaji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Njia hiyo ni ndefu kidogo kuliko ile ya kumpa mtu mmoja fedha gizani akuonyeshe pori, lakini ndiyo njia ambayo mtoto wako ataweza kuisimulia mahakamani.

Tunalikaza jambo hili kwa sababu historia imekwisha kutuonya. Mwaka 2006 Serikali iliamuru wafugaji waondoke katika bonde la Usangu kwa ajili ya kuokoa maji ya Ruaha Mkuu, na katika miezi iliyofuata makundi ya ng'ombe yalisukumwa kuelekea Lindi na Pwani, miongoni mwa wenyewe wakiwamo Wasukuma wengi. Mwaka 2012 zamu ikafika katika bonde la Kilombero. Katika safari hizo watu walipoteza mifugo, na watoto wakatoka shule. Wapo waliokuwa wamekaa huko miaka mingi, wakiamini kwamba kukaa ndiko kumiliki. Umaskini wa mwanzo huvumilika, kwa kuwa una tumaini mbele yake. Umaskini wa kuanza upya mara ya pili, ukiwa na watoto wakubwa na nguvu zimepungua, huvunja mtu.

Wapo nao waliohamia ng'ambo ya mbali kweli kweli. Maelfu ya wakimbizi wa Burundi waliokimbilia Tanzania tangu mwaka 1972 walianza kupelekwa Marekani mwaka 2007. Nauli ya ndege walikopeshwa bila riba, na baada ya miezi michache ya kuwasili walitakiwa kuanza kuilipa kidogo kidogo. Lakini mbele yao walikuta mtu wa kuwapokea, nyumba ya kufikia, na shule iliyokwisha kuambiwa kwamba watoto wanakuja. Tofauti ya safari yao na ya Mkara anayekwenda Bariadi si urefu wa njia. Tofauti ni kwamba wao walingojewa.

Hapo ndipo tunapowageukia viongozi wa Serikali, wa visiwani na wa Simiyu. Tunawaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalotaka fedha nyingi. La kwanza, ofisi za kata na vijiji vya visiwani ziwape wanaohama barua za utambulisho pamoja na uhamisho wa watoto wa shule kabla hawajapanda kivuko. Elimumsingi imekuwa bila ada tangu mwaka 2016, na ni aibu mtoto akose mwaka mzima wa masomo kwa kukosa karatasi. La pili, kila halmashauri ya Simiyu iwe na orodha ya wazi ya vijiji vyenye nafasi na vile visivyo nayo, ili mtu aambiwe hapana angali kwao, badala ya kuambiwa hapana akiwa na watoto chini ya mti. La tatu, viongozi wa vijiji wanaouza ardhi ya wote kwa siri wachukuliwe hatua, kwa maana ndio wanaopanda mbegu ya ugomvi kati ya mgeni na mwenyeji.

La nne ni usalama wa majini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na Ukara kikitoka Bugolora, kikiwa kimepakia watu wengi kupita kiasi chake, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Jamaa inayohama hubeba mizigo, kuku, magodoro na watoto wachanga. Ikiwekwa katika chombo kilichojaa, nyumba nzima yaweza kufutika katika dakika chache. Mwenye kivuko anayekataa kupakia zaidi astahili kulindwa na viongozi, si kutukanwa na abiria.

Mwisho, tungependa wakazi wa visiwani wakumbuke kwamba kukaa nako kwaweza kuwa safari. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ulianza katika mkoa ambao wakati huo ulizihusisha Bariadi, Maswa na Meatu. Nchi ilikuwa imekauka na miti imekwisha. Wananchi walirudia desturi yao ya ngitili, yaani kutenga malisho na kuyaacha yapumzike, na katika muda usiofika miaka 20 maelfu kwa maelfu ya hekta zilirudisha majani na miti. Wako watu ambao hawakuhitaji kuhama kwa sababu ya kazi hiyo.

Kwa hiyo, ndugu mwananchi, pima pande zote mbili. Ukiamua kubaki, baki kwa kazi. Ukiamua kuvuka, tanguliza mtu, hesabu magunia, shika barua yako, na usiuze shamba la nyuma. Nanyi viongozi, mtu huyo akifika mlangoni penu na watoto wake, mpokeeni kwa sheria na kwa utu, na jibu mnalompa mlitoe siku hiyo hiyo.