Jeraha la ubongo lisimgeuze mwathiriwa kuwa mwongo

MWANAMKE aliyepigwa kichwani na mumewe aweza kufika kituo cha polisi, Malindi au Kilifi, bila kidonda, kisha akasimulia kisa leo hivi, kesho vile. Ni rahisi kumwita mwongo, kumbe huenda ubongo umeumia.

Kichwa kinapopigwa, ubongo hutikisika ndani ya fuvu. Koo linapokabwa, hukosa oksijeni. Hata picha za hospitali zikionekana safi, kumbukumbu huweza kuvurugika kwa miezi.

Uzito wa shtaka hutegemea sana fomu ya P3 anayojaza daktari. Asipouliza kuhusu kuzirai na kusahau, mshukiwa huenda akashtakiwa kwa Kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kikomo chake ni miaka mitano gerezani, badala ya cha 234 kuhusu madhara makubwa, chenye adhabu ya hadi kifungo cha maisha.

Kusahau hakumnyimi mwathiriwa haki ya kutoa ushahidi, mradi anaelewa maswali na kuyajibu ipasavyo. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinairuhusu mahakama kumkubalia msaidizi wa mawasiliano.

Maadili nayo yana mtihani wake. Mume aweza kutumia maandishi ya daktari kudai mkewe hafai kulea watoto. Mgonjwa aelezwe hilo mapema. Wazee nao wanapoleta maslaha, wajiulize: ridhaa ya mtu ambaye ubongo haujapona ni ridhaa kweli? Kabla hajapona, Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015 inamwezesha kuomba amri ya mahakama ya kumlinda.