Zeze la Thika Halina Maneno, Lakini Lina Habari

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini katika muziki usio na maneno, masikio peke yake hayatoshi.

Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili bila ya kufundishwa. Kabla mwimbaji hajafumbua kinywa, mpiga udi hupiga taksimu, na waliokaa hutikisa vichwa kana kwamba wameambiwa neno. Marehemu Zein l'Abdin wa Lamu, aliyefariki mwaka 1437 Hijria sawa na 2016, alikuwa hodari wa kazi hiyo. Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilizoea kufungua shughuli kwa bashrafu, ala tupu bila mwimbaji. Na aliyehudhuria maulidi ya Riyadha anajua nai inavyoweza kumtoa mtu machozi.

Sasa mchukue mpenzi huyo wa taarabu umpeleke bara, Ruiru au Thika, kwenye njia kuu itokayo Nairobi. Mkalishe mbele ya mzee apigaye wandindi, zeze la Wakikuyu lenye uzi mmoja na kisanduku kidogo kilichowambwa ngozi. Yumkini atasikia mkwaruzo tu. Jirani yake aliyezaliwa huko atacheka, kisha ainamishe kichwa kwa huzuni. Zeze ni lilo hilo moja. Kwa nini limemwambia mmoja na kumnyima mwingine?

SAUTI IPANDAYO NA KUSHUKA

Jibu la kwanza limo katika lugha. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na basi. Kikuyu sivyo. Humo sauti ya neno hupanda au kushuka, na maana yaweza kugeuka kwa kupanda au kushuka huko. Kwa hiyo mtunzi wa Kikuyu hawezi kuyatupa mahadhi ovyo ovyo. Maneno yenyewe humvuta. Mpiga wandindi anapouandama wimbo kwa kidole juu ya uzi ule mmoja, anaandama pia njia ya usemi. Aijuaye lugha husikia kama mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta.

Hali ni hiyo hiyo katika mwomboko, mchezo uliovuma sana miaka ya 1940. Ala zake ni akodiani, ile ile tuijuayo katika taarabu, na karing'aring'a, pete ya chuma igongwayo kwa kipande cha chuma. Wachezaji huenda hatua mbili kisha huinama. Akodiani ilitoka Ulaya, lakini vidole vya Kikuyu viliifundisha Kikuyu. Baadaye gitaa la benga likarithi kazi hiyo. Gatanga, jirani na Thika, ilimtoa Daniel Kamau, na ikamtoa John De'Mathew aliyefariki katika ajali ya barabarani huko Thika mwezi wa Agosti 2019. Katika muziki wa namna hiyo, mwimbaji akinyamaza, gitaa huchukua zamu na kuendeleza mazungumzo.

MAHADHI YALIYOBEBA SIRI

Jibu la pili ni historia. Mwaka 1929, wakati wa mgogoro baina ya wamisheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, ulizuka wimbo wa Muthirigu. Uliwasema wamisheni na wakubwa wa serikali bila kificho, na mwaka 1930 serikali ya mkoloni ikaupiga marufuku. Lakini sheria huweza kuyafunga maneno. Mahadhi hayana pingu. Mtu akishaujua wimbo, hata mluzi unatosha kumkumbusha wote.

Wapigania uhuru waliitumia hekima hiyo kwa namna nyingine. Kabla ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na wakati wake pia, walitia maneno ya siasa katika mahadhi ya nyimbo za kanisa. Asiyejua Kikuyu, akipita njia, alidhani watu wanasali. Mahadhi mamoja, habari mbili: moja ya mpita njia, nyingine ya wenyewe.

KIBUYU CHENYE MAANDISHI

Wakikuyu walikuwa pia na ala iitwayo gicaandi. Ni kibuyu kilichotiwa mbegu ndani na kuchorwa alama nje. Mpigaji hukitikisa kikalia kama kayamba, huku alama zile zikimkumbusha mafumbo. Wawili walikutana sokoni wakafungana na kufunguana, na aliyeshindwa alipoteza kibuyu chake. Msomaji wa pwani atakumbuka mara moja majibizano ya washairi wetu tangu enzi ya Muyaka. Kimani Njogu, mtaalamu wa Kiswahili, aliutafiti ushairi huo wa gicaandi.

Jirani na Ruiru iko jela ya Kamiti. Humo, mwaka 1978, Ngugi wa Thiong'o aliandika juu ya karatasi za chooni riwaya ambayo kwa Kiswahili inaitwa Shetani Msalabani. Msimulizi wake ni mpiga gicaandi. Ndani yake yumo kijana Gatuiria, mwanamuziki wa chuo kikuu, anayehangaika kutunga muziki wa kuisimulia historia ya nchi kwa sauti na ala za makabila yote. Ngugi alifariki tarehe 28 Mei 2025. Swali la Gatuiria yeye hakulimaliza, wala sisi hatujalimaliza.

NANI ATASIKIA?

Maana Ruiru ya leo si ile ya mashamba ya kahawa peke yake. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia watu 490,120, na Thika 251,407. Wamekuja kutoka kila pembe ya Kenya kutafuta kazi viwandani na nyumba za kupanga. Mtoto azaliwaye huko aweza kukua na Kiswahili na Kiingereza tu. Akisikia wandindi, atakuwa kama yule mgeni wetu wa pwani: mkwaruzo ataupata, habari itampita.

Msiba huu hauko mbali nasi. Vijana wangapi wa Mombasa wakisikia zumari wanajua ni ngoma gani inayochezwa, na maneno yake ni yepi? Kuhifadhi ala katika kabati la kioo hakutoshi, wala kuinasa sauti kwenye mashine hakutoshi. Hadithi ya ala nusu yake imo mkononi mwa mpigaji, na nusu ya pili imo kifuani mwa msikilizaji. Ikipotea ya pili, ya kwanza haina pa kutua.

Basi mzee apigaye, na kabla hajapiga, awaambie vijana wimbo huu ulitungwa kwa jambo gani na uliwasema akina nani. Ni kazi ya dakika tano. Na vijana nao wasione haya kuuliza, maadamu wa kuulizwa bado wapo.