Tazama nyuma ya redio kaseti kabla ya kuchomeka waya

Juma lililopita alifika studioni mama mmoja kutoka Mafinga akiwa amebeba redio kaseti iliyofungwa kwa khanga kama mtoto mchanga. Ndani yake ilikuwamo kanda ya mwaka 1987, ambamo marehemu baba yake anasikika akiwapa wosia yeye na mumewe siku ya harusi yao. Redio yenyewe aliletewa na shemeji yake kutoka Marekani. Watoto walitaka kusikia sauti ya babu yao, kijana mmoja akachomeka waya ukutani, na kabla hawajasikia hata neno moja nyumba ikajaa harufu ya plastiki inayoungua. Bahati nzuri aliyekuwa karibu na swichi aliizima upesi.

"Mwanangu," aliniambia yule mama, "redio nitapata nyingine. Kanda hii ni moja tu."

Najua wapo watakaosema kwamba zama za redio kaseti zimekwisha na kwamba siku hizi kila simu inanasa sauti. Ni kweli. Lakini kanda za kwaya, za harusi na za misiba bado zimejaa makabatini hapa Iringa na kule Mbeya, na simu haina pa kuziweka. Atakayetaka kuzisikia, au kuzihamishia kwenye kompyuta, itambidi aitoe redio ya zamani stoo na kuipa umeme. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Umeme wa majumbani mwetu ni volti 230. Wa Marekani ni volti 120, na wa Japani ni 100. Redio iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani ukiichomeka hapa inapokea karibu mara mbili ya kiasi chake, na transfoma iliyo ndani yake huungua kwa dakika chache. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuigeuza redio na kusoma kibandiko cha nyuma au cha chini. Kikiandikwa 220, 230 au 240, huna wasiwasi. Kikiandikwa 120 peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, au uachane na ukuta kabisa utumie betri. Baadhi ya redio zina swichi ndogo ya kuchagulia volti, mara nyingi imejificha kwenye kitundu kinachohitaji bisibisi. Iweke sawa waya ukiwa umechomolewa.

Hapo hapo niseme neno juu ya tabia tuliyoizoea sote, ya kulazimisha plagi ya miguu miwili iingie kwenye soketi ya matundu matatu kwa kusukuma kijiti au kalamu kwenye tundu la juu. Nimeona watu wakitumia hata msumari. Tundu lile linafungua vizibo vya matundu ya chini yenye umeme, na vizibo hivyo viliwekwa makusudi ili watoto wasiguse. Plagi ya kubadilishia inauzwa dukani kwa bei ndogo. Inunue.

Sasa twende kwenye waya wa adapta, ule wenye kichwa cha duara. Kibandiko kitakuambia, kwa mfano, DC volti 6, na pembeni pana mchoro mdogo unaoonyesha kama chanya iko ndani ya kichwa au iko nje. Watengenezaji hawakukubaliana kuhusu jambo hili, hivyo adapta inayoingia vizuri kwenye tundu inaweza kuwa imegeuzwa. Kuingia si kufaa. Hali kadhalika pawa benki ya simu hutoa volti 5 kwa kawaida, wakati vinasa sauti vidogo vya mkononi vingi vinataka volti 3.

Na kwa ndugu zetu wa Mbeya, wanaoishi kando ya barabara ya malori yaendayo Zambia, niongeze hili. Gari dogo lina betri ya volti 12, lakini malori makubwa huunganisha betri mbili kupata volti 24. Dereva anayekuazima waya wa lori lake kwa wema anaweza kukuunguzia redio kwa wema huo huo. Paneli ya sola nayo usiiunganishe moja kwa moja na redio, kwa maana ile inayoitwa ya volti 12 hutoa zaidi ya 17 jua likiwa kali.

Kwa hiyo, ukiniuliza mimi, betri ndiyo njia salama kuliko zote. Redio inayotumia betri kubwa nne inataka volti 6, ya betri sita inataka 9, na hakuna namna ya kuzidisha. Wengi wetu tulikua na betri za National zilizotengenezwa Dar es Salaam na kiwanda cha Matsushita, na tuliona wazee wakizianika juani ili zipate nguvu. Walikuwa na hoja: joto huamsha kidogo kemikali zilizochoka, na baridi ya Makete au Uyole mwezi Julai huzilaza. Lakini nguvu hiyo ni ya nyimbo mbili tatu, na betri iliyowekwa karibu na makaa inaweza kupasuka. Wala usichanganye mpya na kuukuu, kwani zile dhaifu ndizo zinazovuja. Na kama ulichomeka waya nyuma ya redio, uchomoe kabisa. Kwenye redio nyingi tundu lile hukata betri hata kama ncha ya pili ya waya haiko ukutani. Mafundi wamekwisha kulipwa fedha nyingi kwa ugonjwa huo.

Betri dhaifu ziliniponza mimi mwenyewe. Mwaka 2004, ilipotimia miaka 50 tangu fuvu la Mtwa Mkwawa lirudishwe kutoka Ujerumani, nilikwenda Kalenga nikiwa ripota mchanga, kumnasa mzee aliyekuwepo akiwa kijana siku Gavana Twining alipolikabidhi, Juni 1954. Alizungumza karibu saa nzima. Nilirudisha kanda nyuma nikasikiliza pale pale, ikasikika sawasawa. Nilipofika mjini na kutia betri mpya, mzee alitoka na sauti ya mtoto, akikimbia kama anafukuzwa. Betri zilikuwa zimechoka, kanda ikanasa polepole, na niliposikiliza kule Kalenga zilikuwa zinaizungusha polepole vile vile. Niliporudi baada ya miezi kadhaa nilikuta ameshazikwa. Siku hizi kompyuta inaweza kurekebisha mwendo, na dakika za mwanzo zimekaa vizuri. Za mwisho zimekataa, kwa sababu kasi ilikuwa ikibadilika kadiri betri zilivyokufa.

Umeme ukishakaa sawa, bado usitie kanda yako ya thamani. Kama redio imetoka kwenye baridi ikaingia chumba chenye jiko, iache saa moja unyevu ukauke. Tia kwanza kanda usiyoijali na uipige upande mzima, kwani mpira wa ndani ukikaa miaka hulegea au hunata, na hapo redio hula kanda. Kisha vunja vijino viwili vilivyo mgongoni mwa kanda yako. Vikivunjwa, kibonye chekundu cha kunasa hakibonyei, hata akibonyeza mtoto.

Redio ya yule mama haikupona. Tulipata nyingine kwa fundi mmoja wa Mashine Tatu, tukatia betri sita mpya, tukapiga kanda ya muziki dakika thelathini, tukavunja vijino, ndipo tukaitia ya kwake huku kompyuta ikinasa. Ilianza na kelele za vyombo na jogoo, halafu mzee akakohoa na kusema "Kamwene." Mama alinyoosha mkono akaomba tuirudishe mwanzo.