Herufi kali kwenye video ya droni: usikimbilie kununua kamera

BETRI ya seli nne inayosoma volti 14.8 bado ina safari. Ikisoma 14.0 inataka kushushwa chini mara moja. Kwa mwenye droni ya kuunda mwenyewe, tofauti hiyo husomwa kwenye pembe ya picha ya video anayoiona kwenye miwani yake. Tarakimu zikiwaka kupita kiasi hadi 8 na 0 zifanane, ama betri inakufa, ama droni inaangukia shamba la jirani.

Hili ni tatizo la kawaida kwenye droni ndogo za burudani zinazotumia video ya analogi. Mwenye mali akiliona, neno la kwanza analolisikia ni kwamba kamera imeharibika. Ananunua nyingine, anaifunga, na herufi zinabaki zilezile. Ni sawa na mkulima anayepiga dawa kabla hajamjua mdudu: fedha imetoka, mdudu yupo.

Maandishi hayo hayatoki kwenye kamera. Huandikwa na chipu iliyo kati ya kamera na transmita. Kwenye droni nyingi za analogi chipu hiyo ni MAX7456 iliyobuniwa na kampuni ya Maxim, au AT7456E inayofanya kazi ileile. Inapokea picha, inabandika juu yake herufi nyeupe zenye ukingo mweusi, kila moja ya nukta 12 kwa 18, kisha inapeleka vyote kwa transmita ya gigahezi 5.8. Kwa hiyo picha inaweza kuwa safi na herufi zikawa mbovu, au kinyume chake.

Ishara nzima ya video ina kimo cha volti 1 tu. Sehemu ya chini, volti 0.3, ni ya kupanga mistari ya picha, 0.7 zinazobaki ndizo zinazotoka weusi hadi weupe kamili. Herufi ikivuka weupe huo, transmita hushindwa kuibeba sawasawa na mkia mweupe huvutika kuelekea kulia. Waliotazama televisheni za antena za zamani watakumbuka spika zikinguruma kila yalipopita maandishi meupe chini ya picha. Ugonjwa ule una undugu na huu.

Uchunguzi uanze na kisichogharimu kitu. Kwanza ng'oa pangaboi zote, maana droni inayowashwa mezani ikiwa nazo hukata vidole. Hakikisha antena ya transmita imefungwa, kwani transmita ikiwashwa bila antena inaweza kuungua. Usiiache iwake muda mrefu bila upepo. Kisha tazama video ileile kwenye kioo kingine. Herufi zikionekana sawa huko, droni haina kosa; punguza mwanga na kontrasti ya miwani, kazi imekwisha.

Zikiwa kali kote, nenda kwenye mpangilio wa chipu. Chipu hii ina ngazi nne za weupe: asilimia 80, 90, 100 na 120. Kwenye programu ya Betaflight, inayotumika sana katika droni hizi, ngazi hizo huitwa 0, 1, 2 na 3 chini ya jina displayport_max7456_wht, na kiwandani huwekwa 2, yaani asilimia 100. Ukikuta 3, umempata mwizi. Rudisha 2, na ikibidi shuka hadi 1, kisha hifadhi. Kuna mpangilio mwingine wa weusi unaoishia na blk, nao una asilimia 0, 10, 20 na 30. Huo uache kwenye 0, kwani ukipandishwa ukingo mweusi wa herufi hugeuka kijivu na usomaji unazidi kuwa mgumu.

Mpangilio ukiwa sawa na tatizo likabaki, sasa ni zamu ya nyaya, na hapa ndipo fundi wa simu mwenye mkono mzuri wa risasi anapoweza kula kwa jasho lake. Kila njia ya video inatakiwa kumalizikia kwenye rizista moja ya omu 75. Ikikosekana upande wa transmita, ishara yote hukaribia kuongezeka mara mbili, na picha pamoja na herufi huwaka kwa pamoja. Zikiwepo mbili upande wa kamera, pengine kwa sababu waya wa kamera umegawanywa kupeleka picha mahali pawili, picha hushuka hadi kama theluthi mbili ya nguvu yake huku herufi zikibaki na nguvu zilezile. Mtazamaji anaongeza mwanga wa miwani ili aione picha, na herufi zinamchoma macho. Analaumu herufi, kumbe ni picha iliyopungua.

Njia ya kuthibitisha ni kuunga kamera moja kwa moja kwenye transmita bila kupitia chipu. Picha ikitoka vizuri, kamera haina hatia. Ikiwa bado ni ya giza, angalia mpangilio wa mwanga wa kamera yenyewe kabla ya kufikiria kununua nyingine.

Fundi anayefanya kazi hii atoze muda wa uchunguzi na amweleze mteja hivyo tangu mwanzo. Anayesubiri faida ya kuuza kipuri atashawishika kubadilisha kisichoharibika, na mteja wa namna hiyo harudi.

Kwa mkulima, ni vema ajue anachonunua. Video ya analogi inafaa kutazama mfereji ulioziba, paa la ghala au ng'ombe waliopotea. Kupima afya ya mimea haiwezi, kwa kuwa picha yake ni ya kiwango cha televisheni ya zamani. Mifumo ya dijitali, kama ule wa DJI ulioingia sokoni mwaka 2019, huandika herufi ndani ya miwani yenyewe na haina ugonjwa huu, ila bei yake iko juu. Nchini Tanzania droni pia inahitaji kibali kabla ya kurushwa, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo pa kuanzia kuulizia.

Baada ya marekebisho, usiridhike na picha ya ndani ya chumba. Toka nje saa sita mchana, elekeza kamera kwenye paa la bati linalong'aa na usome volti. Kisha igeuze kwenye kivuli cha mwembe na usome tena. Zikisomeka juani zikachoma kivulini, shusha ngazi moja. Zikipotea kwenye bati, pandisha moja.