Je, Wajua Hijira ya Daftari la GCC?

Miongoni mwa programu ambazo watumiaji wa kompyuta huzitegemea kila siku pasipo kuzijua hata kwa jina, ni chache zenye jaha kama ya GCC, kompaila iliyoanzishwa na Richard Stallman na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1987, ambayo kazi yake ni kuyatwaa maagizo yaliyoandikwa na binadamu kwa lugha kama C na kuyageuza yawe amri ambazo kompyuta yaweza kuzitekeleza. Nayo kwa kuwa ni programu huria, ambayo msimbo wake u wazi kwa kila atakaye kuusoma na kuurekebisha, imejengwa kwa mikono ya watu wengi waliotawanyika ulimwenguni, na mabadiliko yao, madogo kwa makubwa, yameandikwa katika daftari moja pamoja na tarehe na sababu. Mwezi wa Januari 2020 daftari hilo lilihamishwa kutoka mfumo uitwao Subversion hadi ule uitwao Git.

Haikuwa hijira yake ya kwanza. Hadi mwaka 2005 lilikuwa katika CVS, mfumo ambao uliweka historia ya kila faili peke yake, hata tendo moja lililogusa mafaili kumi likaonekana kama matendo kumi yasiyojuana. Subversion iliyaunganisha matendo hayo na kuyapa nambari kwa taratibu, moja, mbili, tatu, mpaka hesabu ikapita 280,000.

Git, ambayo Linus Torvalds aliiunda Aprili 2005 baada ya waandishi wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bure mfumo wa BitKeeper, haihesabu hivyo. Jina la kila badiliko, lenye herufi na tarakimu 40, hupatikana kwa hesabu ifanywayo juu ya yaliyomo ndani yake na juu ya jina la badiliko lililolitangulia. Ni mfano wa mtu aitwaye fulani bin fulani bin fulani, ambaye ukilibadili jina la babu yake umekwisha kumbadili yeye na ndugu zake wote. Basi kosa dogo katika maandishi ya mwaka 1990, likigunduliwa baada ya watu kuanza kazi katika mfumo mpya, halisahihishiki ila kwa kuyabadili majina ya yote yaliyolifuata, na kuvuruga nakala za kila aliyekwisha kuichukua kazi hiyo. Ndiyo sababu hijira iliyotimia katika siku chache iliwagharimu wahusika miaka ya matayarisho.

Torvalds mwenyewe, alipoiingiza Linux katika Git, aliiacha historia yote ya nyuma na kuanzia toleo la 2.6.12-rc2, kana kwamba siku hiyo ndiyo ya kwanza. Watu wa GCC hawakukubali hasara hiyo, nami naona walitenda haki. Maana katika kompaila aghalabu hukutwa mstari mmoja usioeleweka faida yake, na anayetaka kuufuta hana wa kumwuliza isipokuwa maelezo mafupi aliyoyaacha aliyeutia miaka mingi iliyopita.

Chombo walichokitumia ni reposurgeon, programu ya Eric S. Raymond, ambayo iliandikwa kwa Python ikalemewa na ukubwa wa historia hiyo, ikabidi iandikwe upya kwa lugha ya Go. Lakini chombo peke yake hakikutosha. Subversion ilimjua tu yule mwenye idhini ya kuingiza badiliko, ilhali mara nyingi mtunzi alikuwa mtu mwingine, asiye na idhini, aliyeleta kazi yake kwa hisani. Git ina nafasi ya mtunzi na nafasi ya mwingizaji, mbalimbali. Joseph Myers, Richard Earnshaw na wenzao wakafanya mfumo uyasome mafaili ya kumbukumbu yaitwayo ChangeLog, humo yakatolewa majina ya watunzi wa kweli, na watu waliofichika nyuma ya majina ya wengine kwa miaka na miaka wakarudishiwa haki yao. Nayo maelezo yaliyoanza kwa tarehe na jina tu, yasiyomfahamisha msomaji lolote, Earnshaw aliyapatia vichwa vya maana kutoka orodha ya hitilafu, akifuata nambari zilizotajwa ndani yake.

Nambari za kale hazikutupwa. Chini ya kila badiliko lililohamishwa pameandikwa From-SVN na nambari yake ya zamani, ili barua na ripoti zilizoitaja zisipoteze maana. Na kwa kuwa waandishi walikuwa wamezoea kujua mara moja, kwa kutazama nambari mbili tu, badiliko lipi limelitangulia lipi, walijitungia hesabu mpya juu ya Git yenyewe, ambayo huanza na r10 kwa mabadiliko yaliyoelekea toleo la kumi, na r11 kwa yale ya toleo lililofuata.