Jiko la Pumba: Taabu Zake na Namna ya Kuziondoa

Mkulima wa mpunga, pumba ni mali. Ukikoboa gunia la mpunga la kilo 100, karibu kilo 20 huwa ni pumba. Katika Mbarali, Kyela, Kilombero na Shinyanga pumba hizo hurundikwa kando ya mashine za kukoboa kama vilima, na nyingi huchomwa bure, na huku watu wa nyumbani wanakwenda mbali kutafuta kuni. Jiko la pumba laweza kuwapunguzia safari hiyo. Lakini wengi hulijaribu mara moja, likawatia moshi machoni, wakaliacha. Kosa si la jiko.

Hapa twasema habari za maganda magumu ya mpunga. Pumba laini za kulishia kuku na ng'ombe ni chakula, usizichome.

JIKO LINAVYOFANYA KAZI

Jiko hili ni debe la lita 20 lenye tundu ubavuni, karibu na chini, upana wake sentimita 7 hivi. Chupa husimamishwa katikati, na kijiti kinene hupitishwa kwenye tundu mpaka kiguse chupa. Pumba hushindiliwa kuzunguka vitu hivyo, kisha vyote viwili huchomolewa. Hewa huingia ubavuni na kupanda katikati, na pumba huungua polepole kutoka ndani kwenda nje.

Basi jiko lataka mambo matatu: pumba kavu, pumba zilizoshindiliwa vizuri, na njia ya hewa iliyo wazi. Likikutaabisha, tafuta ni lipi limekosekana.

1. Jiko latoa moshi mwingi

Mara nyingi pumba ni mbichi. Pumba za juu ya rundo huonekana kavu, lakini za ndani zimenyeshewa. Chota za ndani, uzifumbate mkononi. Zikikuachia unyevu au zikishikamana kama donge, zianike juani juu ya turubai, huku ukizigeuza. Kisha ziweke katika magunia mahali pasipovuja.

Ikiwa pumba ni kavu na moshi bado upo, tazama sufuria. Ikikaa juu ya mdomo wa debe bila nafasi, moto hukosa pumzi. Weka vyuma vitatu vya kuinua sufuria kiasi cha vidole viwili.

2. Moto wawaka kidogo, kisha wazimika

Njia ya hewa imeziba. Labda ulichomoa chupa kwa nguvu, pumba zikaanguka ndani. Siku nyingine izungushe chupa taratibu huku ukiivuta juu. Usichokoe kwa kijiti kutoka juu, maana utabomoa zaidi. Ngoja jiko lizimike kabisa na kupoa, mwaga pumba zote, uzipange upya.

3. Pumba zaporomoka kabla chakula hakijaiva

Hazikushindiliwa. Usijaze debe mara moja. Mimina kiasi cha vidole vinne, shindilia kwa mti, kisha mimina tena, mpaka juu. Pumba nzima nzima hazishikamani vizuri. Zichanganye na unga wa mbao kutoka kwa seremala.

Sababu nyingine ni kusonga ugali. Mkono wenye nguvu hutikisa debe, na ukuta wa pumba huanguka. Lizungushie debe matofali, na sufuria ikae juu ya matofali hayo, ila acha wazi tundu la ubavuni na ile nafasi ya vidole viwili.

4. Moto ni mkali mno

Sogeza kipande cha tofali mbele ya tundu la ubavuni ili hewa ipungue. Usilizibe kabisa, maana moshi utarudi.

5. Debe latoboka upesi

Majivu yaliyolala ndani huvuta unyevu na kulisha bati kutu. Yamwage kila siku, yakiwa yamepoa. Yanyunyizie maji kwanza, kwa sababu vumbi lake ni kali kwa mapafu.

MAMBO MAWILI YA KUKATAZA

Usimwage mafuta ya taa wala petroli katika jiko lililokwisha kuwashwa, hata kama moto umefifia.

Usiongeze pumba wala unga wa mbao juu ya moto. Vumbi lake laweza kulipuka ghafla na kukuunguza uso. Jiko hujazwa likiwa limezimika na kupoa.

HATARI ISIYOONEKANA

Taabu tano tulizozitaja huharibu chakula au debe. Hii ya mwisho huua watu.

Usiku jiko likibaki na makaa mekundu bila moshi, mtu hudhani sasa ni salama. Huliingiza chumbani kwa ajili ya baridi, au ili vifaranga waliomo wapate joto, akafunga mlango na dirisha. Makaa hayo bado yatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, wala haimkohozi mtu. Aliyelala huenda asiamke.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na viungo kulegea. Watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakipatwa na hali hiyo huku jiko li ndani, usingoje kujua sababu. Watoe wote nje kwenye hewa safi, kisha wapeleke kituo cha afya upesi.

Kwa hiyo pikia nje, au katika jiko lenye madirisha wazi pande mbili. Kabla ya kulala, hakikisha debe liko nje, mbali na nyasi za paa na watoto.

Ukiona jambo usilolielewa, mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako, umwonyeshe jiko lako na pumba zako. Lakini kwanza fumbata pumba mkononi. Huenda jibu likawa humo.