Dawa ya magugu kwenye chupa ya soda

Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha huku kwetu Rungwa, kila familia huwaza palizi. Mahindi na magugu huota pamoja, na mikono ya kushika jembe haitoshi. Ndiyo maana siku hizi katika nyumba nyingi, kando ya gunia la mbegu, utakuta bomba la kubeba mgongoni na chupa ya dawa ya magugu. Hatuandiki haya kumlaumu mkulima anayetafuta nafuu. Tunaandika kwa sababu ya dawa moja kati ya hizo, nayo ni parakwati. Kwenye chupa huandikwa Paraquat, na wengi wanaifahamu kwa jina lake la zamani la dukani, Gramoxone.

Tuanze na sifa zake, maana zipo. Dawa hii ilianza kuuzwa na kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka 1962. Huunguza kila jani la kijani inaloligusa, na jua likiwa kali shamba hunyauka kwa siku chache tu. Ikidondoka ardhini hunaswa na chembe za udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo mkulima anaweza kupanda muda mfupi baada ya kupuliza. Lakini haishuki mpaka kwenye mizizi. Anayepambana na ndago kwa parakwati anapoteza fedha yake, kwa sababu ndago hukauka juu na kuchipua tena chini.

Sasa tuje kwenye mwili wa binadamu. Kuna mgonjwa mmoja hatumsahau. Alikuwa amepimiwa dawa kidogo na jirani, akatiliwa katika chupa ya soda. Jioni alirudi shambani amechoka, nyumba ina giza, akapiga funda moja. Akatema alichoweza, akasukutua, mkewe akampa maziwa. Alitapika usiku ule. Kesho yake akalalamika kinywa na koo tu, akasema amepona, hakuna haja ya kupoteza nauli. Siku ya nne akaanza kukohoa na kukosa pumzi. Alipofika kwetu midomo ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

Mama yule alituuliza, “Sista, mbona mtungi wa hewa upo pale, hamumwekei mume wangu?” Ni swali la haki, na jibu lake ni gumu kumwambia mtu aliye katika uchungu. Parakwati ikishaingia kwenye damu hujikusanya katika mapafu, na huko hutumia hewa ya oksijeni yenyewe kuyaunguza. Ukimwongezea mgonjwa oksijeni mapema, unaongeza moto. Kwa hiyo waganga huizuia mpaka hali iwe mbaya sana, na hapo tunampa ili apunguziwe mateso. Mapafu yaliyoungua hufanya makovu, yakakakamaa, yakashindwa kupanuka. Yule baba alifariki akiwa na akili zake timamu, akiongea nasi.

Tunaomba jambo hili lieleweke katika kila nyumba: zile siku mbili tatu za nafuu ni za uongo. Dawa ya kuiondoa sumu hii haipo, hapa wala Ulaya. Linalowezekana ni kumpa mgonjwa mkaa maalumu wa hospitali ili uinase sumu ikiwa bado tumboni, na saa za kufanya hivyo ni chache mno. Maziwa si dawa yake. Kumtapisha kwa vidole au kwa maji ya chumvi ni kuliunguza koo mara ya pili. Kutoka Rungwa hadi Itigi barabara ni ndefu, na masika mnaijua. Basi msisubiri kupambazuke. Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu, na mje na chupa yenyewe, hata kama ni tupu.

Ikimwagikia ngozi, vua nguo upesi na uoge kwa sabuni na maji mengi. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka robo saa au zaidi, kisha njoo. Bomba linalovuja mgongoni ni hatari ambayo watu huidharau, hasa kama ngozi ina kidonda au mchubuko, kwa sababu sumu hupitia hapo. Wengi huangalia utepe wa rangi kwenye lebo, wakiona ni wa njano badala ya mwekundu wanajiona salama. Shirika la Afya Duniani limeiweka parakwati katika daraja la pili, ndilo la njano, lakini likaongeza onyo kwamba ikimezwa huua. Rangi isiwadanganye.

Wapo pia wanaoinywa kwa makusudi, katika hasira au huzuni ya usiku mmoja. Tumekaa nao vitandani. Kesho yake wengi wamejuta, wanaomba kuishi. Nchi ya Sri Lanka iliiondoa parakwati pamoja na sumu nyingine mbili kati ya mwaka 2008 na 2011, na kuanzia 2011 hadi 2015 vifo vya kujiua vilipungua kwa asilimia 21. Maana yake ni kwamba sumu ikiwa mbali, ile saa mbaya hupita na mtu hubaki hai. Kama nyumbani kuna ugomvi mzito, msiba au mtu aliyekata tamaa, kaeni naye, mleteni tuongee naye, na chupa ile ihamishiwe kwa shemeji au jirani leo hii.

Umoja wa Ulaya uliipoteza ruhusa ya dawa hii mahakamani mwaka 2007, Thailand na Brazil zikaipiga marufuku mwaka 2020. Hapa kwetu mamlaka ya viuatilifu ni TPHPA, na mwuzaji anapaswa kukuonyesha kwamba anachouza kimesajiliwa. Lakini sisi tunafikiria zaidi zile chupa zilizobaki uvunguni tangu misimu iliyopita. Tazameni leo. Isiyo na lebo isitumike wala isimwagwe kisimani au mtoni. Mwulizeni bwana shamba. Iliyo na lebo ikae katika chupa yake ile ile, nje ya chumba cha kulala, ndani ya sanduku lenye kufuli. Chupa ikiisha, isuuzeni mara tatu, maji ya suuzo yaingie kwenye bomba, kisha itobolewe. Tumeona madumu ya dawa yakitiwa asali na mafuta ya alizeti. Harufu ikishatoka, watu hudhani na sumu imetoka.

Na ninyi wenye maduka mnaowapimia watu dawa katika chupa za soda, yule baba alikuwa mteja wa mtu kama ninyi.